Akidi ya Bakteria: Jinsi Vijidudu vya Viazi Vinavyoarifiana kwa Kemikali

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam na Iringa hugawanyika hapo: tawi moja huendelea Mbeya hadi mpaka wa Zambia, na tawi jingine hugeuka kusini kuelekea Njombe na Songea. Reli ya TAZARA nayo hupita mjini humo. Lyamkena ni kata mojawapo ya mji huo, na mwanafunzi anayekaa huko hana haja ya kusimuliwa habari za viazi mviringo, kwani msimu wa mavuno ukifika malori yaliyosheheni magunia kutoka nyanda za Njombe hupita karibu naye mchana na usiku. Safari yao hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600, kutoka penye baridi kushuka penye joto.

Si kila gunia hufika salama. Viazi vilivyochubuliwa kwa jembe wakati wa kuvuna, au vilivyobanwa katika gunia la lumbesa, huanza kutoa maji, kisha hulainika na kuwa kama uji unaonuka. Kiazi kimoja kikiharibika, majimaji yake huvichuruzikia vya chini yake, navyo huharibika. Huu ni ugonjwa wa kuoza laini. Huko mashambani kuna ugonjwa mwingine, wenye sura tofauti: mmea uliokuwa na majani mazuri hunyauka ghafla ungali kijani, ingawa udongo una maji ya kutosha. Huu ni mnyauko bakteria.

Magonjwa haya mawili husababishwa na bakteria wa aina mbili wasiokuwa na undugu wa karibu. Hata hivyo yapo mambo mawili yanayoyaunganisha. Kwanza, bakteria wake huweza kukaa ndani ya kiazi au mmea kwa muda mrefu bila kuleta dhara linaloonekana, kisha wakashambulia wote kwa pamoja. Pili, katika magonjwa yote mawili, wakati wa kushambulia huamuliwa kwa kemikali ambayo bakteria wenyewe huitoa na kuipima. Namna wataalamu walivyoifahamu siri hiyo ni habari inayostahili kuelezwa tangu mwanzo wake, na mwanzo wake haukuwa shambani bali baharini.

Mwanga uliochelewa

Katika maji ya bahari wamo bakteria wanaotoa mwanga wa rangi ya samawati. Baadhi yao huishi huru majini, na wengine huishi ndani ya viungo maalumu vya samaki na ngisi. Wataalamu walipowaotesha bakteria hao katika mchuzi wa lishe maabarani, waliona jambo lisiloeleweka kwa urahisi. Bakteria walianza kuongezeka mara moja, lakini mwanga haukuongezeka pamoja nao. Kwa saa kadhaa chupa ilibaki karibu na giza. Kisha, idadi ilipokuwa kubwa, mwanga ulipanda kwa kasi kupita kasi ya kuongezeka kwa bakteria wenyewe.

Maelezo ya kwanza yaliyotolewa, mwaka 1968, yalikuwa ya busara: kwamba mchuzi wenyewe una kitu kinachozuia mwanga, na bakteria wanapoongezeka hukila kitu hicho hadi kikaisha. Mwaka 1970 Kenneth Nealson, Terry Platt na Woodland Hastings wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walitoa maelezo mengine. Walisema kwamba bakteria wenyewe huzalisha kitu fulani na kukitoa nje, kitu hicho hulimbikizana katika mchuzi, na kinapofikia kiasi fulani huamsha jeni zinazohusika na mwanga. Kwa maneno mengine, kilichokuwa kikibadilika si kupungua kwa kizuizi bali kuongezeka kwa kichocheo.

Mwalimu atakayependa kuwafundisha wanafunzi wake namna hoja ya kisayansi inavyopimwa hatapata mfano bora kuliko huu. Ikichukuliwa kwamba mchuzi wa zamani, ambamo bakteria wamekwisha kukua, umechujwa ili bakteria wote waondolewe, kisha bakteria wachache wapya wakatiwa humo, wapya hao huwaka mapema. Lakini jaribio hilo pekee halitoshi kuamua, kwa sababu maelezo yote mawili hutabiri matokeo yale yale: aidha kizuizi kimekwisha, aidha kichocheo kimejaa. Ili kuamua ilibidi kichocheo chenyewe kikamatwe. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 1981, wakati Anatol Eberhard na wenzake walipokitenga na kuchora umbo la molekuli yake. Ilikuwa molekuli ndogo yenye fomula C10H15NO4, yaani uzito wake wa molekuli ni 213 tu, zaidi kidogo ya glukosi yenye 180.

Molekuli hiyo ina sehemu mbili. Kichwa chake ni pete ya homoserini laktoni, na mkia wake ni mnyororo mfupi wa kaboni sita unaofanana na asidi za mafuta. Kwa sababu ni ndogo, hupenya utando wa bakteria kutoka ndani kwenda nje na kurudi. Bakteria mmoja aliye peke yake katika maji mengi hutoa molekuli zake zikapotea. Wakiwa wengi mahali padogo, kiasi cha molekuli nje huongezeka, hivyo na ndani huongezeka, hadi zikapata protini ya kuzipokea. Protini hiyo ikishashikamana na molekuli hushika sehemu maalumu ya ADN na kuziamsha jeni zilizokuwa zimelala. Miongoni mwa jeni zinazoamshwa imo ile ya kutengeneza molekuli yenyewe, ndiyo maana mwanga hupanda kwa kasi namna ile: ishara huzaa ishara.

Akidi

Mwaka 1994 wanabiolojia watatu wa Marekani, Fuqua, Winans na Greenberg, waliupa mpango huu jina lililotokana na desturi za mikutano, nalo kwa Kiswahili ni kuitambua akidi. Jina hilo linaeleweka vizuri kwa yeyote aliyepata kuhudhuria mkutano mkuu wa kijiji. Watu wachache wakifika, hakuna uamuzi unaoweza kupitishwa, hata kama wote waliofika wana nia moja. Akidi ikitimia, mkutano hufunguliwa.

Mfano huu unasaidia, lakini usivutwe mno. Mkutanoni kuna mwenyekiti na kuna daftari la mahudhurio. Kwa bakteria hakuna anayehesabu. Kila mmoja hupima kiasi cha kemikali kinachomzunguka yeye, basi. Mwaka 2002 mwanabiolojia Rosemary Redfield alitoa hoja kwamba huenda kinachopimwa si wingi wa wenzake hata kidogo, bali ni kama mahali alipo pamefungwa kiasi cha kutosha ili vimeng'enya atakavyovitoa visisombwe na maji. Hoja hiyo ina uzito, na hesabu ifuatayo inaonyesha kwa nini.

Bakteria wa mnyauko huanza kubadili tabia yao wanapozidi milioni 10 hivi katika mililita moja. Idadi hiyo inaonekana kubwa mno kufikiwa. Lakini bakteria hao hawaishi ndani ya mililita moja. Huishi ndani ya mishipa ya maji ya mmea, ambayo ni myembamba kama unywele. Ikiwa mshipa una kipenyo cha milimita 0.1, kipande chake chenye urefu wa sentimita moja kina ujazo wa mililita 0.0000785. Zidisha kwa milioni 10: jibu ni bakteria 785 tu. Bakteria mmoja akijigawa mara kumi hupata wazao 1,024, yaani idadi hiyo imepitwa. Ikichukuliwa kwamba hujigawa kila baada ya saa mbili, kazi hiyo ni ya saa 20. Kweli, maji ya mshipa hutiririka na kuisomba sehemu ya ishara, kwa hiyo mambo shambani hayaendi kwa unyofu wa hesabu hii. Hata hivyo inaonekana wazi kwamba mahali palipobana, akidi hutimia kwa wajumbe wachache.

Kwa nini wasubiri

Bakteria wa kuoza laini huitwa Pectobacterium. Vitabu vya zamani humwita Erwinia carotovora. Silaha zake ni vimeng'enya vinavyoyeyusha pektini, gundi inayoziunganisha seli za mimea. Pektini ikiyeyuka, seli hutengana, na kiazi kigumu huwa uji. Mwaka 1993 makundi ya watafiti wa Ulaya yalionyesha kwamba bakteria huyu hutumia homoserini laktoni ile ile iliyopatikana kwa bakteria wa baharini. Ilikuwa ajabu kwamba molekuli inayowasha mwanga baharini ndiyo inayoamrisha kuoza kwa kiazi katika gunia.

Katika majaribio hayo walitumiwa bakteria walioharibiwa jeni ya kutengeneza ishara. Bakteria hao hawakuwa dhaifu, lakini hawakutoa vimeng'enya kwa wingi na hawakuweza kuuozesha mmea ipasavyo. Walipopewa ishara iliyotoka kwingine, vimeng'enya vyao vilirudi. Hapa mwanafunzi aone jambo moja muhimu: silaha zote walikuwa nazo, walichokosa ni habari.

Faida ya kusubiri si ngumu kuielewa. Mmea si kitu kinacholala tu kikingoja kuliwa. Vipande vya pektini vilivyovunjika ni dalili ya hatari kwa seli za mmea, nazo zikiipata dalili hiyo huanza kujikinga. Bakteria wachache wakitoa vimeng'enya vichache, watakuwa wamepiga kengele bila kuwa na nguvu ya kuingia ndani. Wakikaa kimya hadi wawe wengi, pektini yote ya mahali pale huyeyushwa kabla ya kinga kusimama. Ndiyo sababu kiazi chaweza kutoka shambani kikiwa safi machoni pa mnunuzi, kikavuka Makambako kikiwa safi bado, kisha kikaoza mahali fulani njiani, pale joto, unyevu na ukosefu wa hewa ndani ya gunia vinapowaruhusu bakteria wa michubukoni kuongezeka.

Mnyauko bakteria ni adui mwenye mbinu zaidi. Erwin Smith wa Marekani alimweleza bakteria wake mwaka 1896, na leo anaitwa Ralstonia solanacearum. Huishi udongoni na majini, huingia kwa njia ya vidonda vya mizizi, na hushambulia pia nyanya, bilinganya, pilipili na tumbaku. Ishara yake si homoserini laktoni. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia walitangaza kwamba ni esta ya metili ya asidi ya hidroksipalmiti, yenye fomula C17H34O3. Jina hilo lisimtishe mwanafunzi wa kemia: asidi ya palmiti ndiyo asidi ya mafuta iliyo nyingi katika mawese, hata yale ya Kyela na Kigoma. Bakteria ameichukua asidi ya aina hiyo, akaongeza kikundi cha hidroksili katika kaboni ya tatu na kikundi cha metili mwishoni, akapata ujumbe. Baadaye iligunduliwa kwamba baadhi ya aina za bakteria huyu hutumia esta ya mnyororo mfupi zaidi, yenye asidi ya kaboni 14 badala ya 16.

Wakiwa wachache, bakteria hawa huwa wasafiri: huogelea, husaka madini ya chuma, huitafuta njia ya kuingia mizizini. Ishara ikijaa, protini moja inayoitwa PhcA huamka na kuzibadili kazi nyingi kwa pamoja. Uogeleaji hupungua, na bakteria huanza kutoa kimeng'enya cha kuvunja selulosi na ute mzito wa sukari. Ute huo ndio unaoziba mishipa ya maji. Mmea hunyauka kwa kiu huku mizizi yake imo katika udongo uliolowa. Tangu mwaka 1954 Arthur Kelman alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba bakteria hawa wakioteshwa maabarani huweza kugeuka, wakapoteza ute pamoja na uwezo wa kuleta ugonjwa. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kufahamu kwamba wengi wa waliogeuka ni wale ambao jeni ya PhcA imeharibika.

Hapa ndipo mkulima wa Njombe anapopatwa na hasara asiyoitarajia. Nyanda hizi ziko juu. Makambako penyewe ni zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na Njombe ni juu zaidi. Katika baridi bakteria huongezeka polepole, na mmea unaweza kuwabeba hadi kuvunwa bila kunyauka. Viazi vyake huonekana vizima, navyo vidogo huchaguliwa kuwa mbegu ya msimu ujao, kama ilivyo desturi. Mbegu hiyo ikipandwa mahali penye joto zaidi, au msimu ukiwa wa joto, akidi iliyokuwa haijatimia hutimia. Mkulima hulaumu udongo wake, kumbe ugonjwa aliununua sokoni au aliutunza ghalani mwake.

Kuzima ishara

Mara ilipojulikana kwamba bakteria hutegemea ishara, lilizuka swali: je, yawezekana kuwanyima ishara badala ya kuwaua? Mwaka 2000 Lian-Hui Zhang na wenzake huko Singapore walieleza kwamba bakteria wa udongo wa jamii ya Bacillus ana kimeng'enya kinachoifungua pete ya homoserini laktoni. Pete ikifunguka, ishara haisomeki tena. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba mimea ya tumbaku na viazi iliyopandikizwa jeni ya kimeng'enya hicho ilistahimili ugonjwa wa kuoza laini kuliko mimea ya kawaida. Hilo lilikuwa jaribio la maabara, na njia ya kutoka maabarani hadi shamba la mkulima ni ndefu. Tena, kimeng'enya hicho hakina la kufanya na esta ya bakteria wa mnyauko, kwa kuwa esta hiyo haina pete ya kufunguliwa.

Laktoni ni esta iliyojikunja, kwa hiyo kama esta nyingine yoyote huvunjwa na alkali. Mimea yenyewe inaonekana kuitumia kemia hiyo, kwani mahali palipovamiwa hupunguza uasidi wake na ishara hudumu muda mfupi. Lakini mwanafunzi asikimbilie kuhitimisha kwamba majivu yatakiponya kiazi kilichokwisha kuanza kuoza. Vimeng'enya vikishatolewa havingoji amri tena.

Kwa sasa, basi, elimu hii inamsaidia mkulima kwa namna ya kawaida zaidi: inaeleza kwa nini mashauri ya siku zote ya mabwana shamba ni ya kweli. Kila shauri katika hayo huiweka idadi ya bakteria chini ya akidi. Kuacha viazi vikauke vizuri kabla ya kufungwa huondoa utando wa maji ambamo bakteria na ishara zao hukusanyika. Kuvuna bila kuchubua, na kuacha lumbesa, hupunguza vidonda. Kupanda mahindi, ngano au ulezi kwa misimu kadhaa badala ya kurudia viazi au nyanya humnyima Ralstonia mwenyeji wake, ili mradi viazi maotea ving'olewe, kwani shamba la mahindi lenye maotea ya viazi halikupumzishwa hata kidogo. Na juu ya yote ni mbegu safi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, Mbeya, ambacho siku hizi ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, hushughulikia mbegu bora za viazi za nyanda hizi, na Taasisi ya Uthibiti Ubora wa Mbegu Tanzania ndiyo yenye kazi ya kuzikagua. Mbegu iliyokaguliwa ina bei kubwa kuliko viazi vidogo vya ghalani, na mkulima anayesita ana haki ya kusita. Lakini bei hiyo ilinganishwe na hasara ya shamba lililonyauka, si na bei ya mbegu ya jirani.

Jaribio la darasani

Mnyauko bakteria waweza kutambuliwa bila darubini, na shule yoyote iliyo karibu na mashamba ya viazi au nyanya yaweza kulifanya jaribio hili. Mmea ulionyauka ungali kijani ukatwe shina karibu na ardhi, upatikane kipande cha sentimita tano hivi. Bilauri ya kioo ijazwe maji safi. Kipande kining'inizwe kwa uzi au kwa kibanio, ncha ya chini ikigusa maji tu, na bilauri isitikiswe. Ikiwa ni mnyauko bakteria, baada ya dakika chache utaonekana uzi mweupe kama maziwa ukishuka polepole kutoka kwenye shina. Uzi huo ni bakteria kwa mamilioni pamoja na ute wao. Mmea ulionyauka kwa ukame au kwa kuliwa mizizi hautoi uzi huo. Kipande cha mmea mzima kiwekwe katika bilauri ya pili kwa kulinganisha.

Kwa kuoza laini, vipande viwili vya kiazi kizima viwekwe katika vikopo viwili vyenye kitambaa kilicholowa. Kimoja kipakwe chembe ya kiazi kilichooza, kingine kisipakwe kitu. Vifunikwe, viwekwe mahali penye joto, na viguswe kwa kijiti kila baada ya saa sita. Wanafunzi waandike saa na hali ya kipande, kisha wachore grafu. Mara nyingi mstari wake hautapanda sawasawa: utakaa chini kwa muda, kisha utapanda ghafla, na darasa lijadili ni sababu zipi, mbali na ishara, zinazoweza kuleta umbo hilo.

Kazi ikimalizika, maji na vipande vyote vichemshwe kabla ya kumwagwa, na visu na vikopo navyo vitiwe katika maji yanayochemka. Kisitupwe kitu chochote katika bustani ya shule wala kijitoni, kwa kuwa Ralstonia husafiri kwa maji hadi shamba la mtu mwingine.